Chapa ya Ng'ombe na Chapa ya Mtu

Wafugaji wa Endulen, kama wafugaji wengine wa nyanda za Ngorongoro, humtambua ng'ombe wao kwa alama. Ziko alama za kukata sikio, na ziko chapa zinazochomwa mwilini kwa chuma cha moto. Kwa alama hizo ukoo hujulikana, na hata mwenye mali hujulikana. Ng'ombe akipotea, au akichanganyika na kundi la watu wengine mahali pa kunyweshea, hapana haja ya ugomvi mrefu, kwani alama hutoa ushahidi. Chapa, basi, ni lugha. Husema neno moja tu, nalo ni hili: huyu ana mwenyewe.

Siku moja nilikuwa nimeketi nje ya ofisi pamoja na mzee mmoja, jirani yangu. Akapita kijana anayesoma shule ya sekondari, amerudi likizo. Alikuwa amevaa fulana yenye herufi kubwa za kampuni ya ng'ambo, zimejaza kifua chote. Kijana alikuwa na adabu. Aliinamisha kichwa ili mzee amguse, kama ilivyo desturi. Mzee akamgusa, kisha akaitazama ile fulana, akamwuliza, "Mwanangu, chapa hii ni ya boma gani?"

Kijana akacheka. Akasema, "Si boma, baba. Hii ni kampuni, na fulana yenyewe ni ya bei kubwa."

Mzee hakucheka. Akauliza tena, "Nao wamekulipa kiasi gani uwabebee alama yao?"

Kijana hakuwa na jibu, wala mimi sikuwa nalo. Lakini tangu siku ile nimeamini kwamba mzee yule, ambaye hakupata kuingia darasani, alikuwa ametunga kejeli iliyo kamili kuliko nyingi tunazozisoma vitabuni. Katika makala haya nakusudia kutazama jinsi wasanii wa Afrika Mashariki walivyoikejeli tamaa ya anasa na majina yake makubwa, na kuuliza swali ambalo mwalimu na mwanafunzi wa fasihi hawana budi kujiuliza: je, kejeli hiyo humcheka nani? Humcheka yule aliyevaa chapa, au humcheka yule aliyeichoma?

Kabila la Wabenzi

Tuanze na kazi ya sanaa ambayo haina mtunzi anayejulikana, wala haina kurasa. Ni neno moja: wabenzi.

Neno hili lilienea Tanzania na Kenya katika miaka ya kwanza baada ya Uhuru. Watu waliona kwamba baadhi ya wale waliokabidhiwa nchi walikuwa wepesi kurithi magari ya wale walioondoka. Gari lililopendwa kuliko yote lilikuwa Mercedes-Benz. Hapo umma ukafanya jambo dogo la sarufi. Ulichukua jina la kampuni ya Ujerumani, ukaliwekea kiambishi wa- mbele, na irabu i nyuma. Basi. Tunasema Wamaasai, Wairaqw, Wadatoga, Wahadzabe. Na sasa, Wabenzi.

Mwanafunzi aliyefundishwa vema ngeli za Kiswahili ataona mara moja ukali wa neno hili. Halisemi kwamba mtu fulani ana gari zuri. Linasema kwamba limezaliwa kabila jipya, lenye desturi zake, lugha yake na mipaka yake. Kabila hilo halina babu wala nyimbo za jando. Nasaba yake imeandikwa mbele ya gari. Makabila mengine yote yalitajwa kwa asili ya watu wake. Hili peke yake limetajwa kwa kitu kilichonunuliwa. Humo ndimo ilimo kejeli: mtu aliyedhani kwamba yeye anamiliki gari, lugha yasema kwamba gari ndilo linalommiliki yeye.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipowakataza viongozi kupokea mishahara miwili, kuwa na hisa katika makampuni, au kupangisha nyumba, lilisema kwa lugha ya sheria jambo ambalo umma ulikuwa umekwisha kulisema kwa kicheko. Sisemi kwamba neno liliandika Azimio. Nasema kwamba jamii ambayo tayari ilikuwa na neno la kuwataja wabenzi ilikuwa na masikio ya kulisikia Azimio.

Macho ya Lawino

Mwaka 1966 mshairi wa Uganda, Okot p'Bitek, alitoa utenzi wake mrefu ambao sisi twaujua kwa jina la Wimbo wa Lawino, kwa tafsiri ya Paul Sozigwa. Lawino ni mke wa Kiacholi ambaye mumewe, Ocol, amesoma. Ocol anamdharau, na amempata mwanamke mwingine wa kisasa, Clementine. Utenzi wote ni malalamiko ya Lawino, na malalamiko hayo yanachekesha sana.

Silaha ya Lawino ni moja: anatazama. Yeye hayajui majina ya vitu vya anasa wala heshima zake, kwa hiyo anaviona kama vilivyo. Poda ni unga uliopakwa usoni. Nywele za bandia ni nywele za mtu mwingine zilizowekwa juu ya kichwa cha aliye hai. Saa ya ukutani ni kitu kinachomwamrisha mwenye nyumba wakati wa kula na wakati wa kulala. Jina likiondolewa, kitu hubaki uchi, na uchi wake ndio unaotuchekesha. Mbinu hii ni ile ile ya jirani yangu wa Endulen alipouliza boma la ile fulana. Yeye hakuzijua herufi. Alichokiona ni chapa kifuani mwa mtu.

Hata hivyo, mhakiki mwaminifu hana budi kutaja upungufu. Lawino ana wivu, naye mwenyewe hafichi. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya kicheko chake inamwangukia Clementine, mwanamke aliyejipaka na kujikondesha ili apendwe. Lakini nani aliyemwuzia poda ile? Nani aliyemfundisha kwamba uso wake, bila poda, ni uso mbaya? Utenzi unamshutumu sana Ocol kwa kasumba yake, na katika hilo ni kazi kubwa. Lakini duka halionekani. Tunamwona aliyechomwa chapa; mshika chuma hatumwoni.

Maua yaliyoelekea chini

Tatizo hili si letu peke yetu. Mwaka 1670 Molière wa Ufaransa aliandika mchezo juu ya Bwana Jourdain, mfanyabiashara tajiri mwenye tamaa ya kuonekana mwungwana. Fundi cherehani anamletea vazi jipya, na Jourdain anagundua kwamba maua ya kitambaa yameshonwa kichwa chini. Analalamika. Fundi anamjibu kwamba mabwana wakubwa wote huvaa hivyo. Papo hapo Jourdain anaridhika, na maua yanabaki kichwa chini.

Kisha wasaidizi wa fundi wanamwomba bakshishi. Mmoja anamwita mwungwana, naye anatoa fedha. Akiona fedha zimetoka, anampandisha cheo, anamwita kwa jina kubwa zaidi, na fedha zinatoka tena. Cheo kinapanda na mfuko unapungua. Nadhani hakuna maelezo yaliyo wazi kuliko haya juu ya biashara ya majina makubwa. Kinachouzwa pale si nguo. Kinachouzwa ni neno la kumpendeza mnunuzi, na kila neno lina bei yake.

Tazama alichofanya Molière. Anamcheka Jourdain, naam, lakini hamwachi fundi nyuma ya pazia. Anamleta jukwaani, na sisi tunauona mkono wake ukiingia mfukoni mwa yule mjinga. Wahenga wetu walisema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kejeli iliyo kamili humwonyesha pia yule anayekitembeza.

Shimo la Ilmorog

Kazi ya Afrika Mashariki iliyomtoa fundi nyuma ya pazia kwa nguvu kuliko zote ni riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o. Aliianza kifungoni Kamiti mwaka 1978, akiandika juu ya karatasi za chooni kwa lugha ya Kigikuyu. Ilitoka mwaka 1980, na sisi tunayo kwa Kiswahili kwa jina la Shetani Msalabani.

Kiini cha riwaya hii ni mashindano. Katika pango moja mjini Ilmorog wanakusanyika wezi na wanyang'anyi wa kisasa wa nchi, kushindana mbele ya wageni wao kutoka nchi za nje, ili wachaguliwe saba walio hodari. Kila mshindani anapopanda jukwaani yampasa kufuata masharti. Lazima aseme jina lake. Lazima aseme ana wake wangapi na mahawara wangapi. Na lazima aseme anaendesha gari gani, mkewe anaendesha gari gani, na hawara wake anaendesha gari gani.

Msomaji wa haraka hucheka, akapita. Lakini tusimame hapa kidogo. Kwa nini gari liwe sharti la mashindano ya wizi? Kwa sababu katika pango lile majina ya magari yanafanya kazi ya vyeti. Mwizi anathibitisha ubora wa wizi wake kwa kutaja alama ya kampuni. Na ili tusikose kuelewa, mwandishi anampandisha jukwaani mwizi mmoja mdogo, mwizi wa kuku, anayeiba kwa kuwa ana njaa. Huyu anafukuzwa kwa aibu. Wale waungwana hawana hasira naye kwa kuwa ameiba; wana hasira kwa kuwa wizi wake hauna hadhi. Ameiba bila chapa.

Sasa tumtazame Wariinga, msichana mhusika mkuu. Mwanzoni mwa riwaya Wariinga anajichukia. Anajichubua ngozi kwa mafuta ya Ambi na Snowfire, na nywele zake anazinyoosha kwa vitana vya chuma vilivyotiwa moto. Majina yale ni ya bidhaa za kweli zilizouzwa madukani, na mwandishi ameyataja makusudi. Chuma cha moto pia si bure. Mfugaji yeyote atakayesoma ukurasa ule atakumbuka siku ya kuchoma ng'ombe.

Lakini Ngũgĩ hamcheki Wariinga. Hili ndilo jambo ninaloomba walimu walionyeshe kwa wanafunzi. Wale wa pangoni anawapa maneno makubwa, matumbo makubwa na majivuno yasiyo na kipimo. Anawatia chumvi mpaka wanakuwa katuni. Wariinga anamwandika kwa upole. Kosa lake linafanana na la Clementine, lakini hapa tunaonyeshwa lilikotoka: waajiri wanaomtaka kitandani, mchumba anayemwacha, mwenye nyumba anayemfukuza. Kicheko kimehama kutoka kwa mwenye jeraha kwenda kwa mwenye kisu.

Kisha Wariinga anabadilika. Anasomea uhandisi, anafanya kazi gerejini, anatengeneza magari kwa mikono yake. Kwa maoni yangu, hiki ndicho kilele cha kejeli ya riwaya nzima, ingawa hapa hakuna mzaha hata mmoja. Kwa wale wa pangoni gari ni jina. Kwa Wariinga gari ni mashine yenye injini, mafuta na kasoro zake. Anaifungua, anaijua, anaifunga. Usione vyaelea, vimeundwa. Aliyejua jinsi kitu kilivyoundwa hawezi tena kukiabudu, na wala hana haja ya kukichukia.

Hatusemi kwamba riwaya hii haina kasoro. Hotuba za pangoni ni ndefu, na pengine wabaya ni wabaya mno hata msomaji ajione amesalimika: yeye si mnene kama wale, hana magari kama yale, kwa hiyo hayumo. Kejeli inayomwacha msomaji akijipongeza imeshindwa nusu ya kazi yake. Kwa sababu hiyo yafaa turudi nyumbani, tujitazame wenyewe.

Amri na kicheko

Hapa kwetu tuliwahi kujaribu njia nyingine. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la kupiga marufuku nguo fupi, nywele za bandia, dawa za kujichubua na suruali za kubana, kuanzia tarehe 1 Januari 1969. Katika miaka hiyo hiyo iliendeshwa kampeni ya kuwataka Wamaasai waache shuka na kuvaa suruali. Nia ilikuwa kujenga taifa lenye heshima. Lakini tuangalie mambo haya mawili pamoja. Mjini, msichana aliambiwa kwamba amevaa kisasa kupita kiasi. Huku kwetu, mwanamume aliambiwa kwamba hajavaa kisasa vya kutosha. Wote wawili walipimwa kwa nguo.

Nywele za bandia hazikwisha, na shuka hazikwisha. Amri inaweza kumvua mtu nguo. Haiwezi kumvua tamaa wala mapenzi. Kazi ile ni ya sanaa, kwa kuwa sanaa haimwambii mtu avue. Humshikia kioo, akaamua mwenyewe.

Shuka iliyokwenda Paris

Nina kisa kimoja ambacho hakuna mtunzi wa vichekesho angethubutu kukibuni. Kampuni ya Louis Vuitton, iliyoanzishwa Paris mwaka 1854, ni miongoni mwa majina makubwa kabisa ya anasa duniani. Katika mavazi yake ya kiume ya mwaka 2012 kampuni hiyo ilitumia mirabaraba ya shuka ya Kimaasai. Shuka ile ile ambayo mwaka 1968 ilionekana kuwa aibu, ndiyo iliyopitishwa mbele ya matajiri wa Ulaya kama fahari mpya.

Tujiulize kama Lawino. Kilichoongezeka ni nini? Mirabaraba ni ile ile anayoivaa mchungaji anayepita asubuhi na ng'ombe wake kuelekea malishoni. Shuka yake inapatikana kwa machinga mnadani Karatu, na humfunika mvua na baridi ya Ngorongoro. Kilichoongezeka ni jina.

Lakini kejeli ya haki haina upendeleo, nasi tusijitie mno katika fahari. Shuka nayo ilikuja na biashara. Wazee wa kale walivaa ngozi. Karne ya 19 misafara ya kutoka pwani ilileta kaniki kutoka Uhindi na merikani kutoka viwanda vya Marekani, na jina la merikani lenyewe ni jina la nchi ya mbali. Shuka ikawa yetu kwa sababu tuliivaa kazini, harusini na msibani, mpaka ikasahau ilikotoka. Kitu kigeni si dhambi. Swali ni nani mwenye mamlaka: je, mtu ndiye anayekipa kitu maana, au kitu ndicho kinachompa mtu thamani?

Jibu zuri la swali hili nimeliona miguuni mwa watu. Katambuga za huku kwetu hukatwa katika matairi ya magari yaliyochakaa. Mara nyingine jina la kampuni ya tairi bado linasomeka ubavuni mwa ndala. Hakuna anayeliangalia. Tairi lililowahi kubeba mkubwa barabarani sasa linamchukua mchungaji kuvuka miiba, na linadumu miaka. Hapa Endulen hatuko mbali na Laetoli, ambako mwaka 1978 ziligunduliwa nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili yapata miaka milioni 3.6 iliyopita. Walipita peku juu ya majivu ya volkano, na dunia nzima inazithamini nyayo zao mpaka leo.

Yule kijana

Nimebakiza habari za kijana wa fulana. Baadaye nilikuja kujua kwamba viatu alivyovaa siku ile, navyo vyenye jina kubwa, vilinunuliwa kwa fedha ya mtamba aliyepewa na baba yake. Mvua ya kwanza ilipopiga soli zilibanduka. Hapo ndipo tulipotazama vizuri jina lililoandikwa ubavuni, tukaona kwamba herufi moja imekosewa. Vilikuwa vya bandia. Mtamba mzima, ambaye leo angekuwa na ndama, ulikwenda kununua kosa la tahajia.

Nakiri kwamba nilitamani kutunga shairi la kumcheka. Sisi washairi hatukosi silaha za namna hiyo. Lugha yetu ina methali kali za kumdhihaki maskini aliyepata, na ni rahisi kuzirusha. Lakini nilipokumbuka jinsi alivyosimama mbele ya baba yake na viatu vile mkononi, kalamu ilikataa. Huyu si mbenzi. Huyu ni kijana aliyekwenda shule mbali na kwao, akakuta wenzake wanapima watu kuanzia miguuni, akaona haya. Ukimcheka yeye, umemsaidia fundi wa Bwana Jourdain. Kwa maana aibu ndiyo bidhaa ya kwanza inayouzwa. Viatu hufuata baadaye.

Kwa hiyo nawaomba walimu wenzetu mambo mawili. Kwanza, mnapofundisha kazi za kejeli, msiishie kuuliza, "Mwandishi anamdhihaki nani?" Ulizeni pia, "Nani anafaidika na ujinga huu, na je, mwandishi amemleta jukwaani?" Pili, msiigeuze kejeli kuwa fimbo ya kumpigia mtoto wa maskini mbele ya darasa. Mpeni kazi ya Lawino: avitaje vitu bila majina yake ya dukani, na aeleze kila kimoja kimetengenezwa kwa nini, na nani, na kinafanya kazi gani. Anayeweza kufanya hivyo amekwisha kuanza kupona.

Shairi la kumcheka kijana sikulitunga. Nilitunga ubeti mmoja kutokana na swali la mzee, na kijana mwenyewe ndiye aliyeuandika ukutani mwa chumba chake:

Ng'ombe wetu tulichoma, alama yake mwilini,
Asipotee daima, aweze rudi zizini,
Na wewe uliyesoma, ya nani hii shatini?
Kama wewe si mnyama, hiyo chapa ni ya nini?

Fulana ile bado anayo. Anaivaa akienda kuchunga, nayo imekwisha kupauka kwa jua hata herufi hazisomeki vizuri. Mzee alipoiona hivi karibuni alitabasamu, akasema, "Sasa ni yako."